Wimbo wa Ayashi Uliopata Mkia

Tiznit, 21 Oktoba 1976

Mjomba wangu Ayashi,

Nakubusu mkono, kisha bega, kisha huo upara wako unaong'aa kama sinia la chai. Mkeo, Mama Zuhra, mwambie mafuta ya zeituni aliyonifungia hayakumwagika hata tone, ingawa basi lilituyumbisha siku mbili nzima kutoka Wazzan hadi huku kusini. Mama yangu mwambie silii. Akibisha, mwambie nililia mpaka Marrakesh tu. Baada ya hapo Lahsen alinimenyea komamanga, na mtu hawezi kulia huku anakula komamanga.

Mjomba, nina furaha hadi naona haya. Kila asubuhi Lahsen akienda posta anageuka kunitazama mara tatu kabla ya kukata kona. Mara tatu! Nimehesabu. Jana aligeuka mara ya nne akajikwaa kwenye ndoo ya jirani. Mama yake, Mama Ijja, alikuwa mlangoni anapepeta lozi. Akasema, "Huyu mtoto nilimzaa macho yote yako mbele. Umemfanya nini?" Angalau nadhani ndivyo alivyosema. Kiarabu chake ni kidogo na Kishelha changu hakipo kabisa, kwa hiyo tunaelewana kwa mikono na kwa chakula.

Unakumbuka ulivyomtania siku ya posa? "Karani wa posta hajui kutongoza, anajua kugonga muhuri." Alinitongoza, Mjomba! Sasa naweza kusema kwa kuwa nimeshaolewa. Mwaka ule wote aliofanya kazi Wazzan, nilikuwa natumwa stempu tatu nanunua moja, ili nipate kurudi dirishani mara mbili zaidi.

Sasa jambo lenyewe. Ule wimbo.

Ule uliopiga alasiri ya harusi yangu, pale uani. Watu walikuwa bado wanachokonoa mifupa ya kuku. Ukaichukua gimbri yako ya nyuzi tatu, ukaanza taratibu, na wafumaji wenzako wakaanza kukuzomea kama kawaida yao. "Ayashi, na huu utaukatia wapi? Nyimbo zako hazina mkia!" Ukapanda, ukashuka, ukazunguka, halafu ukafika mwisho. Mwisho wa kweli. Ile sauti ya mwisho uliiweka chini kama mtu anayeweka bilauri iliyojaa pomoni. Hakuna aliyepumua. Mzee Bushta, aliyekuwa anakuzomea kuliko wote, alikuwa anafuta macho kwa kofia ya joho lake la jalaba. Lahsen alinishika mkono mbele za watu. Tangu siku hiyo anaupiga mluzi huo wimbo kutwa.

Tuda, dada yake Lahsen, anaolewa mwezi wa tano, baada ya mavuno ya shayiri. Nimewaambia wote hapa kwamba mjomba wangu atakuja kuupiga wimbo huo. Usinifedheheshe! Niandikie pia unaitwaje, na wewe ulijifunzaje kupiga, ambaye hukuwahi kuwa na mwalimu na siku zako zote umekuwa mfumaji wa majalaba. Lahsen ananiuliza na mimi sina la kumjibu.

Mpwa wako mwenye furaha isiyo na adabu,
Rhimu


Wazzan, 9 Novemba 1976

Mwanangu Rhimu,

Barua yako imefika. Imesomwa na mimi, na Zuhra, na mama yako, na kwa bahati mbaya imesomwa na Bushta, ambaye anataka kujua ni lini alifuta macho. Anasema lilikuwa jasho. Sisi ni wazima. Mvua imeanza, zeituni zimebeba vizuri, punda wa mama yako amezaa. Zuhra anasema usimlishe mume asali kila siku, atadhani ndiyo sheria.

Umeuliza nilivyojifunza. Nitakwambia bila kuficha, kwa kuwa sasa wewe ni mke wa mtu na hutashtuka. Nilijifunza kwa bangi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nafuma kwenye karakana ya marehemu Si Buselham. Kila mfumaji pale alikuwa na kiko chake, na gimbri ilitundikwa ukutani haina mwenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa haraka. Nikiishika ile gimbri nilitaka niwe nimeshaujua wimbo kabla sijaupiga, na nikikosea mara mbili naitundika kwa hasira. Si Buselham akanitazama wiki nzima, halafu akanipa kiko chake. Nikavuta, nikakohoa, wakacheka wote, nikarudi kwenye kitanda changu cha kufumia. Nikauvuta ubao wa kushindilia nyuzi, dum. Nikauvuta tena, dum. Na kati ya dum na dum, mwanangu, palikuwa na nafasi pana kama ua wa msikiti. Nilikuwa nimepita hapo mara elfu na sikuiona. Ningeweza kuvua viatu nikaingia, nikakaa.

Kuanzia siku hiyo nikawa na utaratibu wangu. Kichwa cha kiko ni cha udongo, kidogo kama ncha ya kidole, moto wake haudumu. Nawasha, napiga kipande kimoja cha wimbo, hicho hicho tu, mpaka majivu. Nakung'uta. Nikiwasha tena ndipo naanza kipande kinachofuata. Kiko kimoja, kipande kimoja. Hivyo ndivyo nilivyojifunza nyimbo sitini na ushee za milima yetu. Wenzangu walivuta wakalala. Mimi nilivuta nikasikia. Kuna alasiri moja nilisikiliza uzi mmoja wa gimbri tangu adhana mpaka adhana na sikuumaliza.

Lakini wanaponizomea hawasemi uongo. Bangi ilinipa mianzo mingi mno. Kila nikikaribia mwisho wa jambo nililotunga mwenyewe naona mlango mwingine, naingia, nasahau nilikotoka. Miaka arobaini na moja nimepiga, si kwa ujira, napigia wenzangu karakanani na Zuhra akikanda mkate, na sikuwa na wimbo wangu hata mmoja uliofika mwisho.

Mwezi wa tano bado uko mbali. Msalimie karani.

Mjomba wako,
Ayashi


Tiznit, 6 Desemba 1976

Mjomba wangu mpenzi,

Idi njema, ingawa imepita! Tulichinja kondoo mkubwa kuliko Lahsen. Mama Ijja alinikabidhi maini niyachome mwenyewe, mbele ya wakwe wote, na nadhani nilikuwa natahiniwa. Nimefaulu. Tuda alisema yamekauka kidogo, lakini Tuda anaolewa, amekuwa mgumu kama soli.

Barua yako nimeisoma hadi karatasi imelainika. Lahsen nilimsomea kwa sauti, na nilipofika kwenye ua wa msikiti akasema, "Mimi nagonga muhuri mara mia tano kwa siku. Kesho nitatega sikio katikati." Ndiyo maana nampenda, Mjomba. Mtu mwingine angecheka tu. Alirudi jioni akasema hakusikia kitu kwa sababu mkuu wake wa kazi alikuwa anabishana na mama mmoja kuhusu kifurushi cha tende.

Lakini kuna jambo. Umeandika "sikuwa na wimbo wangu hata mmoja uliofika mwisho." Basi sasa unao! Niliuona ukifika kwa macho yangu. Mbona hukusema neno lolote juu yake? Hata jina hukunipa. Unaringa?

Ili uache kuringa nimekutumia zawadi. Ni pete ya fedha, si ya kidole, ni ya kuvisha kwenye mti wa kiko chako, pale unapoingia kwenye kichwa cha udongo. Fundi fedha wa mtaa wetu aliichonga kwa siku tatu, na amezungushia vidoti sitini na ushee, kimoja kwa kila wimbo. Kimoja ni kikubwa kuliko vingine. Unajua ni kwa ajili ya upi. Kivishe kiko, uvute kwa raha zako, na mwezi wa tano uje nacho watu wakione.

Mtaa mzima unakusubiri. Mwokaji mikate ameniuliza mara mbili kama kweli unakuja.

Rhimu wako


Wazzan, 10 Januari 1977

Rhimu,

Salamu kwako na kwa mumeo na kwa mama mkwe. Sisi wazima.

Pete imefika. Ni nzuri. Nimeiweka.

Kuhusu mwezi wa tano usiwaahidi watu. Njia ni ndefu na mimi si kijana. Kusini kwenu mna wapigaji wengi wazuri.

Baridi imekuwa kali.

Ayashi


Tiznit, 4 Februari 1977

Mjomba,

Nakusalimu, na salamu hizi nazitoa nimenuna.

Nilisoma barua yako ya mistari minane nikalia, nikasema mjomba wangu amechukia pete. Mama Ijja akasema wanaume wa milimani hawajui kupokea zawadi, akanikandia mkate wa mafuta. Nikawa najiuliza nimekukosea nini.

Ndipo Lahsen aliporudi kazini, akachukua bahasha yako mezani. Wewe unajua yeye husoma bahasha kama watu wengine wanavyosoma barua. Akaigeuza, akaipeleka dirishani.

"Mjomba wako anafanya nini Tetwani?"

"Hayuko Tetwani. Tazama, ameandika Wazzan."

"Ameandika. Lakini muhuri ni wa Tetwani, na si mara moja. Nipe ile ya salamu za Idi."

Nikamletea ile kadi fupi uliyotuma baada ya sikukuu. Tetwani. Akanitazama, akakaa chini, akanishika mkono, akasema taratibu, "Mtu anaweza kuandika mji anaotaka, Rhimu. Muhuri wa posta hauna sababu ya kudanganya."

Nilimwandikia mama kumuuliza. Amenijibu kurasa mbili kuhusu mtoto wa punda.

Mjomba, mimi ndiye niliyekuwa nakaa chini ya kitanda chako cha kufumia nikiokota vinyuzi. Mimi ndiye nilikuwa nakuwekea nana kwenye chai kabla sijajua kusoma. Umekaa Tetwani miezi miwili na unaniandikia habari za baridi! Kama umeoa mke wa pili huko, sema nikusaidie kumkimbia Mama Zuhra. Kama ni jambo lingine, sema pia. Mimi si mtoto. Nina mume, nina funguo za ghala, na nina mashaka hadi silali.

Rhimu


Tetwani, 1 Machi 1977

Mwanangu Rhimu,

Nimeandika Tetwani. Umeridhika? Nilisahau kwamba tumemwoza binti yetu kwa mpelelezi.

Salamu kwanza. Zuhra yuko nami, analala kwa binamu yake, ananiletea supu ya maharagwe makavu kila mchana na kuwagombeza wagonjwa wenzangu wakiiangalia sana. Kesho kutwa ni Maulidi, wametuahidi tambi zenye sukari.

Niko hospitali, wodi ya kifua. Nilianguka mwisho wa Novemba kwenye kinu cha zeituni, nikatema damu kwenye jalaba la Bushta, jalaba jipya, bado hajanisamehe. Daktari ni mwanamke mdogo wa mji wa Fasi mwenye mikono ya baridi. Aliniuliza, "Unavuta vichwa vingapi kwa siku, mzee?" Nikamwambia, "Inategemea nyimbo, daktari." Akasema, "Basi tangu leo nyimbo sifuri." Hakutabasamu. Nikivuta tena, anasema, nisihangaike kurudi kwake.

Hilo lilikuwa jepesi kuandika. Hili linalofuata si jepesi.

Ule wimbo wa harusi yako sinao.

Siku ile nilivuta vichwa saba kabla ya kupiga, kwa furaha, kwa sababu ni wewe ulikuwa unaolewa. Nakumbuka kuanza. Nakumbuka ukimya wa watu nilipomaliza. Katikati hakuna kitu. Asubuhi yake nilichukua gimbri, mkono mtupu. Mtu anaupiga wimbo mmoja kamili katika miaka arobaini na moja, na watu wote wa uani wanausikia isipokuwa yeye! Nikafikiri, niliuacha huko ndani, nirudi huko nikauchukue. Nikavuta vichwa kumi kwa siku. Kisha kumi na vitano, ishirini. Nilipokuwa nakuandikia ile barua ndefu ya Novemba kiko kilikuwa mdomoni na kifua kinachoma. Ndivyo nilivyofika hapa. Nilikuwa namtafuta punda aliyepotea kwa kwenda mbali zaidi na zizi.

Pete yako Zuhra aliniletea hospitali. Unaelewa sasa kwa nini sikuandika mengi. Ipo chini ya mto.

Tangu Novemba sijaigusa gimbri. Imetundikwa nyumbani kando ya vitunguu. Naogopa, Rhimu. Siogopi kufa, nimezeeka vya kutosha. Naogopa nitaishika bila kiko nikute kwamba miaka yote hiyo aliyekuwa anapiga ni moshi, na mimi nilikuwa namshikia tu gimbri yake.

Waambie wakwe zako watafute mpigaji mwingine. Waombe radhi kwa niaba yangu.

Ayashi


Tiznit, 18 Machi 1977

Mjomba wangu, mjomba wangu, mjomba wangu,

Nililia, ndiyo. Nililia kwa kifua chako, nililia kwa ile pete ya kijinga. Mke wa karani anatuma pete ya kiko kwa mtu anayekatazwa kiko! Mama Ijja alipoelewa alinipiga kibao kidogo cha kichwa, kisha akanikumbatia, kisha akaenda kukusagia lozi na asali na mafuta ya argani chupa nzima. Imo kwenye kifurushi, imefungwa na Lahsen, kwa hiyo haitavuja hata ikianguka mlimani.

Halafu nikafuta machozi nikacheka. Mjomba! Umeupoteza wewe. Sisi hatujaupoteza!

Tunao hapa tangu mwezi wa kumi. Lahsen anaupiga mluzi akigonga mihuri. Mimi naimba nikifua. Mama Ijja ameutilia maneno ya Kishelha, kitu juu ya mwanamke anayemngojea mume arudi na ngamia, na anauimba akisaga. Mwokaji aliusikia kwetu akaupeleka tanurini, na sasa wanawake wanaokwenda kuchoma mikate wanaurudisha kila mtu nyumbani kwake. Nilikuwa nadhani naringa na wimbo wa mjomba, kumbe nilikuwa nakutunzia.

Lahsen ameazima redio kaseti ya binamu yake, na tumekurekodia. Utasikia fujo, usishangae. Tuligombana. Lahsen anaanza chini mno, mimi namwambia, yeye anasema, "Mimi nina sikio la posta," mimi nasema, "Sikio la posta husikia mihuri tu." Mama Ijja anatuambia tunyamaze wote, yeye ndiye mwenye jiwe la kusagia, kwa hiyo yeye ndiye ngoma. Kila mmoja ameimba wake. Katikati hatukubaliani kabisa. Na mwishoni kuna kitu kinakosekana. Tunafika pale panaporudiwa mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha tunatazamana kama watu waliosahau walichofuata jikoni. Ndipo ule mwisho ulipokuwa, najua, nauhisi mdomoni, lakini hautoki.

Mjomba, moshi hauwezi kupiga harusi. Moshi hata haunijui. Uliyenipigia ni wewe.

Kaseti imo chini ya lozi. Sijawaambia wakwe watafute mpigaji mwingine. Nikifedheheka, nitafedheheka nikiwa nakusubiri.

Rhimu wako


Wazzan, 14 Aprili 1977

Mwanangu,

Niko nyumbani wiki ya tatu. Salamu kutoka kwa wote. Zuhra ameficha kiko changu mahali ambapo nilikiona baada ya dakika tano, nikakiacha hapo hapo ili afurahi. Lozi za Mama Ijja zimekwisha, nusu amekula Bushta, anasema ni fidia ya jalaba.

Kaseti ilikaa mezani siku nne. Nilikuwa napita kando yake kama mtu anayepita kando ya mbwa. Jumapili Bushta akaja na redio kaseti ya mwanawe, hakuniuliza, akabonyeza.

Rhimu, sijawahi kukasirika hivyo tangu niache utoto. Mumeo anapiga mluzi kama birika! Wewe unaruka kipande kizima cha pili kana kwamba kuna dimbwi la maji. Mama Ijja anajua mapigo kuliko ninyi nyote wawili, lakini amempandisha huyo ngamia wake mahali pa kushuka. Nikaanza kupiga kelele. "Si hivyo! Inashuka pale! Inashuka!" Bushta akasema, "Usinipigie mimi kelele, mimi nilikuwa natoka jasho tu siku ile. Waonyeshe." Nikaiangua gimbri kutoka kwenye vitunguu. Ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu wa baridi, nikaipasha moto juu ya makaa huku bado natukana. Nikakaza nyuzi. Nikawaonyesha.

Kipande cha kwanza nilikipiga, halafu nikakwama, na si kwa kusahau. Sikuwa na kiko cha kuniambia kipande kimekwisha. Maisha yangu yote majivu ndiyo yaliyoniambia, sasa sogea mbele. Mkono ukataka kwenda mdomoni kukung'uta. Zuhra akaona. Akatia maji kidogo kwenye birika akaliweka motoni. "Piga hicho mpaka lichemke," akasema. Nikapiga hicho mpaka likachemka. Akamwaga, akatia maji mengine. Kipande cha pili. Birika moja, kipande kimoja. Tulikunywa chai ya kutosha msiba wa watu arobaini, Bushta alikimbilia chooni mara sita.

Na nilisikia, Rhimu. Hili ndilo nataka ulijue. Ile nafasi kati ya dum na dum ilikuwapo. Nilidhani ni ya kiko, kwamba nikikikung'uta kwa mara ya mwisho mlango utafungwa. Haukufungwa. Nimekaa humo ndani miaka mingi mno, nilishakuwa na ufunguo. Bangi ilinionyesha hapo mahali, siwezi kuikana, ningekuwa mwongo na mwenye haraka hadi leo. Lakini ilipenda mno kunitembeza. Sasa nilikaa.

Birika la saba, nikafika kwenye mkia wenu uliokatika. Mnarudia mara tatu mnageuka, mnageuka, mnageuka, halafu mnasimama kama mbuzi barabarani. Ya nne hamgeuki nyuma! Ya nne ndiyo yenyewe! Inaanza kama tatu za kwanza, mtu adhani itazunguka tena, halafu inateleza chini, chini, inakaa. Sikuikumbuka. Vidole viliipiga na mimi nikaisikia pamoja na Bushta. Zuhra akapaza sauti kutoka jikoni, "Huo ndio! Ayashi, huo ndio!" na kumwaga birika zima juu ya makaa.

Nimeupiga kila siku tangu hapo, asubuhi, kichwa cheupe kabisa. Uko pale pale kila nikiamka. Hujui utamu wa kukuta kitu pale ulipokiacha.

Daktari wa Fasi ameniruhusu kusafiri. Alisema, "Nyimbo ngapi sasa?" Nikamwambia moja. Safari hii alitabasamu.

Mwambie mwokaji ninakuja.

Ayashi


Tiznit, 29 Mei 1977

Mjomba wangu Ayashi, sultani wa gimbri,

Basi lako lilipoondoka nilisimama barabarani mpaka vumbi likakaa. Natumaini umefika salama, na Mama Zuhra amependa vikuku, na Bushta ameridhika na jalaba la kusini ingawa litamfika magotini.

Huku hawazungumzi lingine. Nimeona haya kukuandikia sifa kwa kuwa ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, hukuona yaliyotokea. Mimi niliona. Wapiga matari wa mtaa wetu walipoona mzee mmoja amekaa peke yake na kigimbri cha nyuzi tatu walicheka, na yule mrefu akasema kwa Kishelha, "Huyu ndiye aliyetoka mbali kote huko?" Mama Ijja alimsikia. Ukaanza. Kufika kipande cha pili walikuwa wameweka matari chini. Kufika pale panapogeuka wanawake wote wa tanurini walikuwa wanaimba na wewe, maana wanaujua, Mjomba, wanaujua kuliko unavyodhani! Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, sauti zote zikasimama kwa mazoea, kwa sababu hakuna hapa aliyewahi kujua kinachofuata. Ua mzima ukanyamaza, jua linawaka, na wewe peke yako ukaendelea. Ukashuka. Ukakaa.

Yule mrefu alikuwa wa kwanza kusimama. Wakakutaka uurudie mara tatu nyingine, na Tuda, Tuda mgumu kama soli, alilia hadi wanja ukamfika kidevuni. Mama Ijja aliwageukia wapiga matari akasema kwa Kiarabu chake kidogo, polepole ili wote wasikie, "Ndiyo. Ndiye huyu."

Na niliiona pete yangu shingoni mwa gimbri yako, ile pete iliyonitia aibu, imepanuliwa kidogo ikakaa vizuri kana kwamba ilichongwa kwa ajili hiyo! Lahsen aliniambia, "Usilie, utaharibu wanja." Nililia.

Leo nilikuwa natandua kitanda cha wageni. Chini ya mto nimekuta kiko chako, kimefungwa kwenye kipande cha sufu, na karatasi yako. Nimeisoma mara nyingi hadi naijua: "Rhimu, nakiacha kwako. Usikitupe, hakijanikosea kitu, kilinifundisha kukaa. Usinirudishie pia. Nikiona bahasha nene yenye muhuri wa Tiznit nitajua." Lahsen ameapa kwa kofia yake ya kazi kwamba hakitapita dirishani kwake. Mama Ijja amekitia kwenye sanduku moja na mahari ya bibi yake.

Umesahau jambo moja tu. Bwana harusi alikuuliza wimbo unaitwaje, ukajibu, "Muulizeni Rhimu, yeye ndiye aliyeutunza." Ukanywa chai zako. Watu wote wakanigeukia, na mimi, unayeniita kasuku, sikuwa na neno!

Nimelifikiria siku kumi. Leo asubuhi Lahsen ameenda kazini, akageuka mara tatu kama kawaida yake. Nikabaki mlangoni nikisubiri ile ya nne, ambayo hutokea kwa nadra, akiwa na furaha kuliko anavyoweza kubeba. Nikakumbuka kituo cha basi. Wewe na gimbri mgongoni, ukipanda ngazi. Uligeuka, ukageuka, ukageuka. Nikasema sasa ataingia. Ukageuka tena, upara wako unang'aa, ukacheka.

Wimbo wako unaitwa Mara ya Nne.

Rhimu